Usukani wa Kigwa

Pikipiki iliyoletwa karakanani haina ugonjwa wa injini. Inawaka kwa pigo la kwanza, breki zinashika, taa ziko sawa. Kasoro yake iko shingoni. Ikifika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, usukani huanza kutikisika kushoto na kulia, kidogo kidogo, kisha kwa nguvu, mpaka dereva aachie mafuta na kuushikilia kwa mikono yote miwili. Mwenyewe ni kijana wa bodaboda wa Kigwa, kata ya Wilaya ya Uyui, mashariki ya mji wa Tabora. Hubeba abiria, magunia ya mahindi, madumu ya asali na, msimu wa masoko ukifika, marobota ya tumbaku. Amekuja mjini taratibu, kwa gia ya pili na ya tatu.

"Mwangaluka, mzee," anasalimia.

"Mwangaluka, mwanangu. Isimamishe hapa kivulini."

Fundi ni mkerezaji wa siku nyingi. Karakana yake ni banda la mabati chini ya mwembe, na ndani yake imo mashine moja ya kukereza, ya Kiingereza, iliyomzidi umri. Ufundi wa mashine si mgeni katika mji huu: reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914, ikaja na watu waliojua kupima chuma na kukikata. Yeye alijifunza kwa waliojifunza kwa hao.

Hashiki spana kwanza. Anaweka kreti ya mbao chini ya injini ili gurudumu la mbele lining'inie, anachuchumaa, anashika miguu ya shokapu kwa mkono wa kulia na kuisukuma mbele na nyuma. Vidole vya mkono wa kushoto vimekaa juu ya shingo, pale usukani unapoingia kwenye fremu. Macho yake hayaangalii kitu. Vidole ndivyo vinavyosikiliza. Kisha anageuza usukani polepole kutoka upande hadi upande. Unapofika katikati unanasa, unasita, halafu unapita. Anarudia mara kadhaa, anamwita mwanafunzi wake aweke mkono palepale, anasubiri mpaka mwanafunzi naye aitikie kwa kichwa kwamba ameusikia mnaso huo.

Sasa ndipo inafunguliwa. Gurudumu, mkinga matope, shokapu zote mbili, kisha nati kubwa ya juu. Chini pameshikiliwa sinia ili gololi zisipotee. Zinadondoka pamoja na grisi iliyogeuka rangi ya kutu. Fundi anafuta kila kipande kwa kitambaa chenye dizeli na kuvipanga juu ya ubao kwa mpangilio vilivyotoka. Habari yote imeandikwa pale. Kwenye njia ya gololi kuna vishimo vilivyochimbwa na kila tuta na kila korongo la barabara. Vikombe vilivyoshikilia gololi vimekuwa vikicheza ndani ya shingo kwa muda mrefu, navyo vimeila mpaka imepoteza duara. Na shafti ya usukani, ikizungushwa kwenye mashine huku kipimo cha mshale kikiigusa, inaonyesha kwamba imepinda.

Kununua gololi na vikombe vipya dukani kungekuwa rahisi, lakini vingekaa ndani ya shingo isiyo duara na kurudia uchezaji uleule baada ya mvua chache. Fundi anamweleza kijana hivyo kwa upole, kisha anamwambia itakavyokuwa: shafti mpya, bushi mbili mpya za kuingia shingoni, na badala ya gololi, beringi mbili za roli zenye mshazari. Gololi hugusa njia yake kwa nukta moja. Roli hugusa kwa mstari mzima, kwa hiyo mzigo husambaa na vishimo havichimbiki upesi. Beringi zitanunuliwa. Vilivyobaki havipo katika duka lolote, lazima vizaliwe hapa.

Barabara ya Kigwa imejua mizigo tangu zamani. Kigwa ilikuwa kituo katika njia ya misafara kutoka pwani kwenda Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita huko mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, wote wakiwa nyuma ya watu waliokwisha kuijua njia hiyo kwa nyayo zao. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi begani, siku baada ya siku. Katika bidhaa zilizopita humo yalikuwamo majembe ya chuma yaliyofuliwa na wahunzi wa nchi za kaskazini-magharibi, majembe yaliyolimia, yaliyolipia hongo, yaani ushuru wa kupita, na yaliyotolea mahari. Leo mzigo umehamia kwenye kiti cha pikipiki, mara nyingi kilo 100 na zaidi, na unaelemea shingo moja ya chuma.

Fundi anakata upande wa katoni, anaulaza juu ya meza na kuchora kwa penseli ya seremala. Anachora shafti ikiwa imelala: chini mahali patakapobanwa na kipande kinachoshika shokapu mbili, kisha bega, kisha kiti cha beringi ya chini, kiwiliwili, kiti cha beringi ya juu, na mwishoni nyuzi za nati. Kila sehemu anaiandikia kipimo. Beringi alizochagua zina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje cha milimita 47 na unene wa milimita 15. Zina unene tofauti na vikombe vya zamani, kwa hiyo anajumlisha na kutoa mara mbili, kwa sababu urefu wa mbele ukibadilika, mlalo wa shingo nao hubadilika.

Mlalo huo hauchezewi. Shingo ya pikipiki haikusimama wima, imelalia nyuma. Ukichora mstari unaopita katikati ya shafti na kuuendeleza mpaka chini, utagusa ardhi mbele kidogo ya mahali tairi linapokanyaga. Umbali kati ya nukta hizo mbili, ambao katika pikipiki nyingi za barabarani ni kama sentimita 10, ndio unaolifanya gurudumu lijirudishe lenyewe kwenye mstari dereva anapopoteza mizani kidogo. Wanaojenga pikipiki za kuvunja rekodi za kasi hulaza shingo zaidi na kuuongeza umbali huo ili chombo king'ang'anie mstari ulionyooka, hata kama kona zitakuwa nzito. Bodaboda inahitaji vyote viwili: inyooke kwenye lami na ikwepe shimo na mbuzi kwenye vumbi. Waliobuni pikipiki hii walikwisha kupata uwiano huo, na fundi anataka kuurudisha ulivyokuwa, milimita kwa milimita.

Kwa nini usukani uliolegea hutikisika kwa kasi na si kwa mwendo wa polepole? Gurudumu, shokapu na mikono ya usukani kwa pamoja vina mwendo wao wa asili wa kupepea. Tuta dogo huuanzisha. Shingo ikiwa imara, mpepeo hufa wenyewe. Ikiwa na uwazi, kila pigo hupata nafasi ya kulisha pigo linalofuata, na kasi ndiyo inayoleta chakula.

Aliyelipa bei ya mpepeo huo mbele ya macho ya dunia ni Burt Munro wa Invercargill, New Zealand. Kwa miaka mingi aliifanyia kazi bandani kwake pikipiki moja aina ya Indian Scout ya mwaka 1920, chombo ambacho kilipotoka kiwandani hakikufika hata kilomita 100 kwa saa. Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 68, aliikimbiza juu ya uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, akaweka rekodi ya pikipiki za chini ya sentimita za ujazo 1,000 kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 295 kwa saa. Mwaka huohuo, katika mkimbio mmoja, usukani ulianza kupepea. Alijiinua kifua ili upepo umpunguzie mwendo. Upepo ukamng'oa miwani, akawa haoni, akapita karibu kabisa na nguzo ya chuma ya kuonyesha njia, mwishowe akailaza pikipiki juu ya chumvi. Alitoka na michubuko. Munro huyo pistoni alizimimina mwenyewe, na mikono inayounganisha pistoni na krenki aliichonga kwa mkono kutoka katika eksili ya trekta.

Fundi wa Tabora naye anakwenda kwenye rundo la eksili. Nyuma ya banda kuna vipande vya shafti za malori yaliyokwisha kufa, chuma kilichofuliwa ili kistahimili kusokotwa na kupigwa maisha yake yote. Anachagua kimoja, anakining'iniza kwa waya na kukigonga kwa nyundo ndogo. Mlio mrefu na safi unamridhisha. Mlio mfupi uliokufa ungekirudisha kwenye rundo. Lakini sikio pekee halimtoshi. Anakilaza kwenye mafuta ya taa, anakiacha, anakifuta mpaka kikauke, kisha anakipaka vumbi la chaki. Kama kuna ufa ambao jicho halioni, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka yenyewe na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Anakizungusha juani. Weupe unabaki weupe.

Ngozi ya eksili imekazwa kiwandani kiasi cha kukila kisu cha mashine. Kwa hiyo jioni chuma kinaingia kwenye moto wa mkaa mpaka kiwe chekundu chote sawasawa, kisha kinafukiwa ndani ya majivu makavu kipoe usiku kucha. Asubuhi kinatoka cheusi na kipole. Hatakikaza tena. Shafti ya usukani iliyo ngumu kupita kiasi huvunjika ghafla. Hii inatakiwa iwe na ustahimilivu, iweze kupinda kabla ya kukatika.

Kipande kinabanwa kwenye taya za mashine, ncha ya pili ikishikiliwa na pini katikati. Kisu kinanolewa kwenye jiwe la umeme, kisha kwenye jiwe la mafuta kwa mkono, mpaka ukingo wake usionekane. Mkato wa kwanza ni mzito: ngozi nyeusi inatoka kwa vipande vifupi vya moto vyenye rangi ya buluu, na chini yake chuma cheupe kinafunguka. Mikato inayofuata inapungua kina. Fundi husimama baada ya kila mmoja, husubiri chuma kipoe, ndipo hupima, kwa sababu chuma cha moto huwa kinene kuliko ukweli. Mwanafunzi anapotaka kupima mapema anazuiwa kwa neno moja tu: "Kipoe."

Mahali ambapo kiwiliwili kinakutana na bega, mtu mwenye haraka angeacha kona kali. Fundi ameunoa upande wa kisu kuwa wa mviringo mdogo ili kona ibaki na mkunjo. Nyufa hupenda kuanzia kwenye kona kali, na shafti ya usukani hupigwa mapigo yasiyohesabika. Mkunjo ule hautaonekana tena beringi ikishakaa, ila utafanya kazi kila siku.

Halafu vinakuja viti viwili vya beringi, na hapa kazi inabadilika. Kipimo si milimita tena bali sehemu zake za mia. Unywele wa binadamu una unene wa sehemu sita au saba hivi. Tundu la beringi zote mbili ni lilelile, milimita 25, lakini viti havitakuwa sawa. Kiti cha chini lazima kibane: anakiacha kikiwa kikubwa kwa sehemu moja, ili beringi iingie kwa kugongwa na isizunguke kamwe juu ya shafti. Kiti cha juu lazima kiteleze: anakipunguza kwa sehemu moja chini ya 25, ili nati itakapokazwa beringi ishuke bila kunasa na uwazi urekebishike. Sehemu mbili za mia zinatenganisha kubana na kuteleza. Anakaribia kipimo kwa kisu, kisha anaacha kisu na kumalizia kwa msasa laini wenye mafuta, maikromita mkononi, akipapasa zaidi ya anavyosugua. Chuma kilichoondolewa hakirudi, na mikono yake inafanya kazi kana kwamba inaliwaza hilo kila sekunde.

Nyuzi za juu ni laini, milimita moja kutoka uzi hadi uzi, ili nati iweze kukazwa kwa hatua ndogo sana. Mashine, kwa kuwa ni ya Kiingereza, inahesabu kwa inchi. Fundi anatoa kutoka sandukuni gia yenye meno 127 na kuifunga ubavuni. Inchi moja ni milimita 25.4, na namba hiyo ikizidishwa kwa tano inatoa 127 kamili. Gia hiyo ndiyo inayoiwezesha mashine ya inchi kukata uzi wa milimita bila kosa. Ila kuna sharti: akishaanza, haruhusiwi kuachanisha kisu na parafujo ndefu inayokivuta, la sivyo hataipata tena njia yake. Kila mwisho wa mkato anakirudisha kisu nyuma kidogo, anaizungusha mashine kinyume mpaka mwanzo, anaongeza kina kidogo sana, anakwenda tena. Mkato baada ya mkato, hakuna njia ya mkato. Nati inapojaribiwa inaingia kwa kidole kimoja na kushuka mpaka chini bila kuyumba.

Shingo ya fremu haiwezi kupanda kwenye mashine, basi fundi anaitengenezea mashine yake yenyewe. Anakereza fimbo iliyonyooka yenye tundu la kushikia kisu kidogo, na bushi mbili za kuiongoza, anazozikalisha kwenye sehemu za shingo ambazo vikombe vya zamani havikuzila. Fimbo inapita shingo nzima, mwanafunzi anaizungusha kwa mkono, fundi anasukuma kisu mbele kidogo kidogo. Mwanzoni kisu kinagusa upande mmoja tu na kuruka mwingine, na ndivyo uovali unavyojionyesha kwa sauti: kinakata, kinanyamaza, kinakata. Ukimya unafupika kila mzunguko. Mwishowe sauti inakuwa moja, mfululizo, na duara limerudi kwa kipenyo cha milimita 52.

Bushi mbili anazozikereza sasa ni nyembamba, milimita mbili na nusu ya chuma kati ya shingo na beringi. Nje zinazidi 52 kwa sehemu nne za mia, zikae kwa nguvu. Ndani hazikatwi mpaka kipimo cha mwisho kama zingekaa mezani: bushi nyembamba ikisukumwa kwa nguvu ndani ya shingo hujibana, na tundu lake hupungua. Fundi anaacha sehemu chache zaidi kwa ajili ya mbano huo. Hakuna jedwali ukutani linalomwambia ni ngapi kwa fremu hii; anaijua kwa unene wa chuma na kwa bushi zote alizokwisha kuingiza. Bolti ndefu yenye mabamba mawili inazivuta ndani polepole na kwa unyoofu. Maikromita ya ndani inashuka. Zimejibana mpaka palepale alipotaka.

Kipande kinachoshika shokapu kinapashwa moto mpaka tundu lake lipanuke, shafti inadondoshwa ndani mpaka begani, na kikipoa kinaikumbatia. Shokapu zinarudi. Beringi zinajazwa grisi kwa kiganja, roli kwa roli, mpaka itokeze upande wa pili. Nati inakazwa kwa nguvu, usukani unageuzwa huku na huku ili roli zikae kwenye njia zao, inalegezwa, kisha inakazwa tena kwa wepesi. Gurudumu likiwa hewani, fundi anauweka usukani katikati na kuusukuma kwa ncha ya kidole. Unaondoka, unalala upande wa kulia kwa uzito wake wenyewe, bila kusita katikati. Anashika miguu ya shokapu na kuisukuma, vidole vya kushoto shingoni. Anamwachia mwanafunzi. Kisha anamwachia mwenye pikipiki.

"Sisikii kitu, mzee."

"Ndivyo inavyotakiwa. Nenda, lakini ukiimaliza wiki urudi. Beringi mpya hukaa, nati ikahitaji mguso mmoja. Huo hulipii."

Kijana anaondoka kuelekea mashariki, na kabla ya kuchukua kazi nyingine fundi anafungua daftari na kunakili vipimo vyote: kipenyo cha shingo, bushi ndani na nje, viti viwili vya shafti, nyuzi. Atakayeifungua pikipiki hiyo baada ya miaka, awe yeye au mwanafunzi wake, atajua alichokikuta kimetoka wapi. Rekodi za kasi huandikwa na kusomwa duniani kote, na zinastahili. Lakini usahihi uleule uliompeleka Munro kwenye chumvi ya Bonneville unafanyika pia kwa ajili ya mtu anayepeleka asali sokoni, na unadai moyo uleule wa kusubiri chuma kipoe. Vijana wanaosomea ukerezaji katika vyuo vya ufundi stadi vya VETA watafundishwa mashine na hesabu vizuri. Wapewe pia nafasi ya kukaa kando ya wazee wa namna hii wangali kazini, kwa sababu kile kiasi cha mbano ambacho hakimo katika jedwali hujifunzwa mkono kwa mkono, na abiria wa Kigwa wanakiegemea kila siku bila kukijua.